Gari Linagonga Chini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Shokapu, Bushi, Boljointi na Usukani wa Gari Lililozeeka

Majibu haya yameegemea Toyota Corolla ya umbo lililoanza kutoka Japani mwaka 2000, ile ambayo mtaani tunaiita NZE kwa namba ya chesisi yake. Runx, Allex, Fielder na Spacio za kizazi hicho ni ndugu zake wa damu kwa upande wa mbele. Vitz na IST zimepangwa kwa mtindo uleule, ingawa spea zao haziingiliani. Kama gari lako ni la aina nyingine, anza na swali la 21.

## Ya kuanzia

1. Hizo "sehemu za chini" ni zipi hasa?

Tairi la mbele limeshikiliwa sehemu tatu. Juu kuna shokapu, iliyovalishwa springi na kufungwa kwenye bodi kwa maunti ya mpira yenye beringi. Chini kuna mkono wa chuma, ambao mafundi wengi huuita wishiboni. Upande mmoja mkono huo umeshikwa na chesisi kwa bushi mbili za mpira, na upande wa pili unaishia kwenye boljointi, kiungo kinachoruhusu tairi kugeuka na kupanda-kushuka. Pembeni kuna tairodi, inayovuta na kusukuma tairi unapozungusha usukani. Tairodi imefungwa kwenye reki endi, na reki endi inaingia kwenye reki yenyewe, ule mtambo unaogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kushoto na kulia.

Juu ya hayo yote kuna stabilaiza, ule ufito unaounganisha kushoto na kulia ili gari lisilale kwenye kona. Umeshikwa kwa linki mbili na bushi mbili. Nyuma, NZE121 ina boriti moja yenye bushi mbili kubwa, springi mbili na shokapu mbili.

2. Vitu hivi hudumu kilomita ngapi?

Barabara ndiyo inayoamua. Gari linaloishi kwenye lami na lile linaloingia mtaani kila jioni kwenye mashimo na matuta yasiyo na alama hayawezi kuhesabiwa pamoja, hata kama dashibodi zao zinasoma sawa. Tena kilomita za gari la mtumba usizitegemee sana. Mpira huzeeka kwa miaka pia: bushi ya gari lililokaa tu uani huchanika pembeni bila kutembea.

Kilicho muhimu kuliko kilomita ni lile kava la mpira linalofunika boljointi na tairodi. Likishapasuka, mchanga na maji huingia, grisi inatoka, na chuma kinaanza kusagana. Kila gari linapopandishwa kubadilishiwa oili, mulika tochi kwenye makava hayo.

3. Kipi ni cha hatari na kipi ni usumbufu tu?

Swali hili ndilo lingepaswa kuulizwa kwanza, lakini watu wengi huanza kwa kuuliza kelele inatoka wapi. Kelele si kipimo cha hatari. Linki ya stabilaiza iliyokufa hupiga makelele mpaka abiria wanageuka kukutazama, na unaweza kutembea nayo wiki kadhaa bila kupoteza gari. Boljointi iliyolegea inaweza kunyamaza kabisa, kisha siku moja ichomoke: tairi linalala nje, gari linakaa chini, na usukani haukusikilizi tena.

Mpangilio wangu ni huu. Boljointi, tairodi na reki endi zikiwa na uchezaji, yaani zimelegea na kutikisika, gari halitembei mpaka zibadilishwe. Beringi ya tairi inayocheza nayo iko kundi hili. Zinafuata bushi za mkono wa chini zilizokatika, kwa sababu hubadili mwelekeo wa tairi unaposhika breki, halafu shokapu zilizokufa. Mwisho ni linki, bushi za stabilaiza na maunti. Fedha ikiwa haba, fuata mpangilio huo hata kama kelele zitabaki.

## Kusoma dalili

4. Linagonga "koko-koko" nikipita polepole kwenye barabara ya vumbi, lakini kwenye lami limetulia. Ni nini?

Mara nyingi ni linki za stabilaiza. Zikiwa na uchezaji, hugonga pale tairi moja linapopanda na lingine kushuka, na barabara ya vumbi hufanya hivyo mfululizo. Njia ya kuhakikisha ni kufungua linki zote mbili, kuufunga ule ufito usiguse kitu, na kupita palepale kwa mwendo wa polepole. Kelele ikipotea, umempata mwizi kabla hujanunua chochote. Usiende nalo barabara kuu katika hali hiyo, maana litalala sana kwenye kona.

Mlio mmoja mzito, "du", ukiingia shimo au ukishika breki ghafla, una uwezekano zaidi wa kuwa bushi kubwa ya mkono wa chini.

5. Nawezaje kupima mwenyewe nyumbani?

Unahitaji jeki, stendi mbili imara, mtaimbo mdogo na mtu wa kukusaidia. Egesha mahali pagumu na tambarare, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, kisha pandisha mbele pande zote mbili. Ukipandisha upande mmoja tu, stabilaiza inavuta linki na kuficha uchezaji wake. Usiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Shika tairi kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa kwenye sura ya saa, ulitikise. Likicheza, tazama tairodi na reki endi. Kisha shika juu na chini utikise tena. Uchezaji hapa ni boljointi au beringi ya tairi. Namna ya kuwatenganisha: mwambie msaidizi akanyage breki na kushikilia, wewe utikise tena. Uchezaji ukitoweka, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga habu (kitovu ambacho tairi hufungwa). Ukibaki, ni boljointi.

Halafu chukua mtaimbo, uuingize kati ya mkono wa chini na kile chuma kinachobeba habu, uinue taratibu. Boljointi nzima haipandi wala haishuki. Ikitoa "tik" ndogo na ukaona mwanya unafunguka, imekwisha. Bushi nazo zisukume kwa mtaimbo huohuo: mpira mzima unajivuta na kurudi, uliokatika unaacha chuma kitembee chenyewe.

Shusha gari liwe chini kwenye matairi yake, washa injini, msaidizi azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia bila kusimama. Wewe weka kiganja juu ya kila kiungo cha tairodi kwa zamu, mbali na feni na mikanda. Kiungo kilichochoka unakihisi kikiruka ndani ya kiganja kabla jicho halijaona kitu.

6. Usukani unatetemeka. Nibadilishe nini?

Tazama unatetemeka lini. Ukianza kwenye mwendo wa kama kilomita 80 hadi 110 kwa saa, fanya kwanza balansi ya matairi (kusawazisha uzito wake) na kagua kama rimu imepinda. Ukitetemeka unaposhika breki tu, tazama diski. Ukitetemeka baada ya kila shimo kisha ukatulia, hapo ndipo tairodi na boljointi zinapoingia kwenye orodha. Kuna watu wamebadilishiwa boljointi, tairodi na shokapu kwa tatizo la risasi ya balansi, kile kipande cha uzito, iliyodondoka kwenye rimu.

7. Gari linavuta upande mmoja.

Pima upepo wa matairi kabla ya kitu chochote. Kisha badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Kama mvuto umehama, tatizo ni tairi. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki imeng'ang'ania. Kama linavuta unaposhika breki pekee, kagua breki na bushi za mkono wa chini kwa pamoja.

Barabara zetu zimeinama kidogo pembeni ili maji ya mvua yatiririke, nasi tunaendesha kushoto, hivyo gari kuelekea kushoto polepole ukiachia usukani si ugonjwa.

8. Matairi yanaliwa upande wa ndani. Alaimenti itatosha?

Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa matairi, haitoshi kama kuna kitu kinacheza. Mashine ya alaimenti inapima gari lililosimama. Bushi iliyokatika au tairodi iliyolegea itasoma vizuri pale kwenye mashine, kisha barabarani itajipeleka inakotaka. Pima kwanza kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5, badilisha kilichokufa, ndipo uende alaimenti.

Tairi lenyewe linasema mengi. Pitisha kiganja juu yake kutoka ndani kwenda nje, kisha kurudi. Kama njia moja ni laini na nyingine inakwaruza kama meno ya msumeno, matairi hayaelekei sawa mbele, na hilo hurekebishwa kwenye tairodi. Likiwa na mabonde-mabonde kuzunguka, tairi limekuwa likirukaruka: kagua shokapu na balansi.

9. Nikizungusha usukani gari likiwa limesimama, nasikia "tung" kwenye bonde la tairi.

Beringi ya maunti ya shokapu imekwama, na springi inajikunja kisha kujiachia. Fungua boneti, weka kidole juu ya maunti huku mtu akizungusha usukani, utahisi mruko. Ikiwa unasikia "tak-tak-tak" ukitembea huku umekata kona mpaka mwisho, hiyo ni jointi ya ekseli, habari nyingine kabisa.

## Kununua spea

10. Ninunue mpya au mtumba kutoka Japani?

Mikono ya chuma, stabilaiza, hata springi za mtumba, sina ugomvi nazo kama hazijapinda wala kuliwa na kutu. Boljointi, tairodi na reki endi nunua mpya, basi. Za mtumba zimeshatembea umri usioujua na kava lake la mpira limezeeka vilevile. Shokapu za mtumba ni bahati nasibu: ibane mpaka chini uiachie, na kama fimbo hairudi, au inarudi kwa kurukaruka, au ina mafuta shingoni, iache.

Kwa mpya, 555 na KYB ni majina ya Kijapani yanayofahamika kila duka, na kwa sababu hiyohiyo yanaigwa sana. Usinunue boksi. Toa spea nje, ishike: boljointi mpya huwa ngumu kuizungusha kwa vidole na inazunguka kwa ulaini uleule mzunguko mzima. Inayochezacheza ikiwa mpya, mwachie mwenye duka.

11. Fundi anasema boljointi yangu inaweza kufunguliwa, ikawekwa plastiki na kufungwa tena kwa kuchomelea. Nikubali?

Hapana. Joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma na kuunguza grisi na kava. Rudi swali la 3 uone kinachotokea ikichomoka.

12. Bushi zikikatika nibadilishe bushi tu au mkono mzima?

Bushi tu zinatosha kama mkono haujapinda na fundi ana presi. Kupigia bushi kwa nyundo na kipande cha bomba huipindisha ganda la nje, na kazi itarudi. Kama bushi zote mbili zimekwisha na boljointi nayo iko njiani, piga hesabu ya mkono mzima mpya. Ukijumlisha na ufundi, tofauti huwa ndogo kuliko unavyodhani.

Bushi za kuchonga kutoka mpira wa matairi makuukuu zinasaidia mtu kufika nyumbani. Tatizo lake ni kwamba bushi ya kiwandani mpira wake umegandishwa kwenye chuma, unajikunja na kurudi. Ile ya kuchonga haijashikana na kitu, kwa hiyo inasuguana na kulika.

13. Dukani niseme nini ili nisipewe spea isiyoingia?

Usiseme "Corolla". Piga picha kibati cha chesisi na uende na spea ya zamani mkononi. NZE121 ina magurudumu mawili ya kuvuta na ile boriti nyuma. NZE124 inavuta kwa magurudumu yote manne na nyuma yake ina mfumo tofauti kabisa. Kwa macho, magari hayo mawili ni mapacha.

## Kazi yenyewe

14. Lazima nibadilishe kushoto na kulia pamoja?

Shokapu na springi, ndiyo, mbilimbili kila mara, la sivyo gari litasimama na kuitikia tofauti kila upande. Boljointi na tairodi si lazima, lakini zimeanza kazi siku moja, na ukibadilisha moja mpime mwenzake kwa ukali.

15. Ni kazi zipi naweza kufanya mwenyewe?

Linki za stabilaiza ni za kujifunzia. Tairodi inawezekana (swali la 17). Boljointi ya NZE pia, kwa sababu imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, haikushindiliwa. Nati yake ya juu ina spliti pini, ile pini inayopita tunduni ili nati isilegee. Ukifika kwenye kipimo cha kukaza na tundu halijalingana, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Pini iwe mpya.

Shokapu iache kwa mwenye kifaa sahihi cha kubana springi. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya. Waya za kufungia na mikanda ya kuvutia mizigo si kifaa cha kubania springi, hata kama umeona fundi anatumia kila siku.

16. Mbona bushi mpya imekatika ndani ya muda mfupi?

Kosa ni wakati wa kukaza. Fundi amepandisha gari, mkono unaning'inia chini, ameweka bushi na kukaza bolti palepale mpaka mwisho. Bolti hiyo inabana bomba la katikati ya bushi. Gari likishuka, mkono unapanda kwenda mahali pake pa kawaida huku bomba limeshabanwa, na mpira unakaa umejinyonga muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo linaunyonga zaidi.

Njia sahihi: ingiza bolti zote na uzikaze kwa kushikilia tu. Shusha gari likae kwenye matairi yake, lisukume juu na chini mara chache, ndipo ukaze kwa nguvu ya mwisho. Penye nafasi ndogo ya kuingiza mkono wako, weka jeki chini ya mkono wa chini, inua mpaka bodi ianze kunyanyuka kutoka kwenye stendi, ukaze hapo. Bushi za nyuma za boriti ni vilevile.

Ukiwa gereji, simama uangalie hatua hii moja tu. Zile nyingine unaweza kwenda kunywa chai.

17. Nikibadilisha tairodi, alaimenti ni lazima?

Ni lazima. Kabla ya kutoa ile ya zamani, legeza nati ya kufungia robo mzunguko tu, kisha hesabu mizunguko tairodi inapotoka, na mpya uirudishe kwa hesabu hiyohiyo. Hiyo inakufikisha kwenye mashine bila kula matairi. Reki endi, boljointi, mkono wa chini na shokapu ya mbele navyo vinahitaji alaimenti. Linki hazihitaji.

Nati za matairi za Corolla hukazwa kwa nguvu ya Nm 103 (niutoni-mita), inayopimwa kwa spana ya kipimo. Kuruka juu ya spana kunazidi hapo.

18. Bolti imegoma kutoka.

Magari ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa yanapigwa na hewa ya chumvi, na bolti ya mkono huota kutu ndani ya bomba la bushi. Mimina dawa ya kutu jana yake, gonga kichwa cha bolti, jaribu kuikaza kidogo kabla ya kulegeza. Bolti ikizunguka bila kutoka, imeshikana na bomba na itabidi ikatwe. Kuwa na mpya mkononi kabla ya kuanza. Ukitumia moto, mpira wa bushi utaungua, kwa hiyo moto ni kwa bushi inayotupwa tu. Kwenye baadhi ya magari ya automatiki, bolti inatoka kidogo na kugonga giaboksi. Hapo kinachofuata ni kushegemeza injini na kushusha ile fremu ya chini, na bei ya ufundi inapanda kwa haki.

## Usukani

19. Usukani umekuwa mzito ghafla.

Jua kwanza kama ni wa umeme au wa mafuta. Magari mengi madogo ya Kijapani ya kizazi hiki yana mota ya umeme: hakuna pampu, hakuna chupa ya mafuta. Ukiwa mzito huku taa ya onyo inawaka, pima betri na jenereta kabla ya kununua mota, kwa sababu umeme ukishuka mfumo hujizima.

Wa mafuta, tazama kiwango kwenye chupa. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta mekundu ya ATF, yale ya giaboksi za automatiki. Mafuta ya breki yakiingia humo yanaharibu sili, zile mpira za kuzuia mafuta yasivuje. Kiwango kikipungua kila wiki, minya yale makava ya mpira ya reki: ukisikia mafuta yanacheza ndani, sili za reki zimekwisha.

20. Reki inacheza. Inaweza kukazwa?

Nyingi zina skrubu ya kurekebisha, na ndiyo maana huharibiwa. Ikikazwa kupita kiasi, usukani unakuwa wa kunata na haurudi wenyewe katikati baada ya kona, jambo baya kuliko uchezaji uliokuwepo. Kabla ya hapo kagua reki endi, bushi zinazoshika reki kwenye chesisi, na ile jointi ndogo kwenye fimbo ya usukani karibu na miguu ya dereva. Jointi hiyo mara nyingi ndiyo mkosaji.

## Kesi za pembeni

21. Gari langu si Corolla. Vipimo hivi vinanihusu?

Vya tairodi, ndiyo. Kwa boljointi, angalia uzito wa gari unakaa wapi. Kwenye Corolla springi iko kwenye shokapu, kwa hiyo unapima tairi likining'inia. Kwenye magari ambayo mkono wa chini ndio unaobeba springi au tosheni (fito la chuma linalojinyonga badala ya springi), kama pikapu na mabasi madogo mengi, ukiacha tairi lining'inie boljointi ya chini inabaki imebanwa na itaonekana nzima. Weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na tairi, ndipo upime.

22. Nimeweka spesa (vipande vya kuongeza kimo) kuinua gari. Kuna ubaya?

Najua kwa nini watu wanaweka. Ninaishi mtaa huohuo wenye mashimo. Lakini spesa inaongeza kimo, haiongezi nguvu. Mkono unakaa umeinama chini, boljointi inafanya kazi kwenye kona kali, jointi za ekseli zinapinda, na linki zinavutwa. Ukiweka nyembamba, fanya alaimenti na kagua makava ya mpira mara nyingi zaidi. Nene sana, au mbili zikipandana, toa. Kama gari limeshuka kwa sababu springi zimechoka, nunua springi.

23. Alaimenti "haikubali" upande mmoja.

Corolla hizi, kwa mbele, kwa kawaida hurekebishwa mwelekeo wa tairi tu. Ulalo wa tairi ukiwa nje ya kipimo, kuna kitu kimepinda: mkono, shokapu, chuma kinachobeba habu, au fremu iliyosogea kwenye ajali. Linganisha mikono miwili ikiwa imewekwa sakafuni kabla ya kumruhusu mtu apanue tundu la bolti kwa gurudumu la kusagia.

24. Nimebadilisha kila kitu na bado linagonga.

Rudi kwenye kazi iliyofanyika: nati ya juu ya shokapu isiyokazwa hugonga kama boljointi mbovu. Kisha toka nje ya sehemu za chini. Pedi za breki zisizo na klipu hugonga kwenye mashimo, na kelele yake hupotea ukigusa breki kidogo. Maunti ya injini iliyopasuka hugonga unapoingiza gia. Ekzosi ikilegea hupiga bodi. Fungua na buti: jeki isiyofungwa na tairi la akiba lililolegea vimeshalipisha watu shokapu za nyuma.